Mawe na Mazuku: Namna Baba wa Goma Anavyoweza Kupima Hatari za Mtoto Wake

Mtoto wa Goma hujifunza kutembea juu ya mawe yanayokata. Lava ya volkano ya Nyiragongo, iliyoshuka mwaka 1977, ikashuka tena 2002 na 2021, imetuachia ardhi isiyo na ulaini wowote wa kumpokea anayeanguka, na baba anayemwona mwanawe wa miaka mitatu akikimbia peku juu ya ardhi hiyo kwa kawaida huwa na jibu moja kati ya mawili: ama hupiga kelele kwamba mtoto ataanguka, ama huendelea na mazungumzo yake na kusema kwamba hata yeye alikua hivyohivyo na hakufa. Mimi nimeyatoa majibu yote mawili kwa nyakati tofauti, wakati mwingine katika siku moja, na nimeona kwamba yana kasoro ileile. La kwanza linatazama hofu ya baba, la pili linatazama utoto wa baba, na hakuna hata moja linaloitazama hatari yenyewe.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuitazama. Msingi wake ni tofauti moja ambayo mji wetu una maneno yake tayari. Jiwe la volkano ni hatari inayoonekana: mtoto analiona, analigusa, anajikwaa, anachubuka goti, na kesho yake anainua mguu juu zaidi. Mazuku ni kinyume chake. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayotuama mashimoni na mabondeni bila rangi na bila harufu, na humuua mtoto kabla ya mtu mzima kwa sababu tu pua ya mtoto iko karibu zaidi na ardhi. Jiwe humfundisha mtoto, ilhali mazuku hayamfundishi kitu kwa kuwa hayampi nafasi ya pili. Kazi ya baba ni kuyaondoa mazuku katika njia ya mtoto, yale ya kweli na yale ya mfano, kisha amwachie mawe.

Wengi wetu hufanya kinyume. Mwaka juzi nilikuwa nimemkataza binti yangu wa miaka saba kupanda ukuta wa mawe ambao hauzidi kifua changu, na wakati huohuo, hatua nne kutoka ukutani, ilisimama chupa ya maji ya kunywa iliyojaa petroli ya jenereta. Ukuta niliuona kila siku nikautolea amri. Chupa niliiweka mwenyewe.

Anza kwa kuchuchumaa

Chagua asubuhi moja, ikiwezekana ya salongo (siku ya kazi za pamoja za usafi), maana nguo zako zitachafuka vyovyote vile, uizunguke parseli (kiwanja) yako yote ukiwa umechuchumaa hadi macho yako yawe kwenye kimo cha macho ya mtoto wako mdogo kabisa. Hili si zoezi la kuchekesha majirani, ingawa watacheka. Utaona vitu ambavyo mtu aliyesimama havioni: msumari uliochomoza chini ya benchi, waya wa umeme uliounganishwa kwa kufungwa tu na kuachwa wazi nyuma ya kuta za mbao, dawa ya panya iliyosukumwa chini ya kitanda, na vidonge vya bibi ndani ya mfuko unaoning'inia mahali ambapo mtoto anafikia akisimama juu ya bidon (dumu la maji).

Petroli, mafuta ya taa na dawa yoyote ya kuua wadudu visikae kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, na hata akisoma, chupa inamwambia uongo. Mtoto akishakunywa mafuta usimtapishe, kwa sababu mafuta yanapopanda tena huingia mapafuni na kuleta madhara makubwa kuliko yale ya tumboni. Mpeleke hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Sitena (tangi) ya maji ya mvua iwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiinua. Shimo la choo linastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu kuchimba katika mwamba wa lava ni kazi ngumu, na waliochoka kuchimba mara nyingi huchoka pia kufunika, wakaweka mbao mbili na bati. Mbao huoza upande wa chini, usioonekana. Zikanyage wewe kwanza, huku umeshikilia kitu imara.

Kwa wanaoishi upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Bulengo, Lac Vert na njia ya Sake, mazuku ni jambo la kila siku, si mfano. Waulize wenyeji mashimo yanayojulikana, kisha umpeleke mtoto, mchana penye upepo, umwonyeshe kwa mbali. Mwambie kwamba usiku na alfajiri, wakati hewa imetulia, gesi huwa imejaa zaidi. Kwamba mjusi, panya au ndege aliyelala shimoni hajalala. Na kwamba mwenzake akianguka humo yeye asishuke kumtoa, bali akimbie kuita watu wazima, ambao nao hawapaswi kushuka hivihivi. Watu wengi hufa mahali kama hapo kwa kumfuata wa kwanza.

Kuna pia mazuku tunayoyatengeneza wenyewe. Jiko la makala (mkaa) lililoingizwa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha joto usiku wa mvua hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo nayo haina harufu, na familia hulala isiamke. Jiko libaki nje hata likionekana limezimika. Na tangu mapigano ya Januari 2025, ndani ya mji na pembezoni mwake, vyuma visivyojulikana vilivyookotwa na watoto vimekuwa mazuku ya aina nyingine kabisa. Hapa hakuna mafunzo ya polepole wala majaribio: mtoto asiguse, asirushe jiwe, arudi kwa njia ileile aliyoijia, amwambie mtu mzima, naye mtu mzima awajulishe wenye kazi hiyo.

Kilichobaki kipime kwa maswali matatu

Ukishaondoa visivyoonekana, utabaki na miti, kuta, mawe, chukudu (baiskeli ya mbao isiyo na pedali), visu, ziwa na barabara. Usivikataze vyote kwa mkupuo. Kwa kila kimoja jiulize kwanza kama mtoto huyu, si mtoto mwingine wa umri wake, anaiona hatari na kuielewa. Kisha jiulize kama amelichagua jambo hilo mwenyewe na anaweza kuliacha anapoogopa. Mwisho jiulize: mambo yakiharibika kabisa, tutapata nini? Kidonda, mfupa uliovunjika au kaburi?

Swali la pili ndilo ambalo akina baba huliruka. Mtoto wa miaka tisa anayepanda mparachichi anachagua kila tawi na anaweza kushuka wakati wowote. Mtoto huyohuyo akitumwa ziwani jioni na bidon la lita 20, ambalo likijaa lina uzito wa kilo 20, akivuka barabara mara mbili huku shingo imeinama, hana alichokichagua. Tusiite kazi hiyo "kumkomaza mtoto". Hali ya maisha inaweza kutulazimisha, na sina haki ya kumhukumu baba ambaye bomba lake limekauka, lakini mzigo wa lazima haumfundishi mtoto kupima hatari, kwa kuwa uamuzi si wake. Mpunguzie uzito, umtume mchana, umtume na mwenzake.

Wazee wetu wana msemo kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Nimeusikia ukitumiwa na baba ambaye hakutaka kuinuka kwenye kiti chake. Mimi nausoma hivi: mpe, lakini wembe uwe umeuona wewe kwanza, na uwe umekaa mbele yake anapoushika.

Watafiti wameyachunguza mambo haya kwa miaka mingi. Ellen Sandseter wa Norwe, katika maandishi yake ya mwaka 2007, aliigawa michezo ya hatari inayopendwa na watoto katika mafungu sita: kupanda juu, kwenda kasi, kutumia vyombo vya hatari, kucheza karibu na maji marefu au moto, kupigana mieleka, na kwenda mahali ambapo mtu anaweza kupotea. Nikiyasoma mafungu hayo naiona siku ya kawaida ya mtoto wa mitaa yetu ya Majengo au Ndosho, ila kule Norwe wanalazimika kuwatafutia watoto nafasi hiyo, na hapa tunalazimika kuipunguza. Daniel Paquette wa Montréal naye alieleza mwaka 2004 kwamba baba mara nyingi ndiye anayemfungulia mtoto mlango wa nje, anayemrusha juu na kumsukuma ajaribu, na kwamba jambo hilo humjenga mtoto kwa sharti moja, yaani baba awe pia mwenye kuweka mipaka. Baba anayesukuma bila mipaka hakutajwa kwa sifa.

Hata hivyo watu hao waliandika wakiwa katika nchi ambazo mtu akipiga simu gari la wagonjwa hufika. Sisi tunapaswa kulipa uzito zaidi swali la tatu. Mfupa uliovunjika saa nne asubuhi, umbali wa dakika kumi kutoka hospitalini, si sawa na mfupa uliovunjika saa moja usiku wakati barabara hazipitiki na mfuko hauna kitu. Kwa hiyo mimi huruhusu mambo mengi asubuhi ambayo huyakataa jioni, na nimewaeleza watoto sababu. Waliielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Kusimama karibu bila kushika

Sema maneno yanayomwonyesha mtoto kitu cha kutazama. "Chunga!" haimwambii chochote ila kwamba baba ana wasiwasi, naye hugeuza kichwa kukutazama wewe badala ya kutazama mguu wake, na hapo ndipo anapoanguka. Muulize: "Mguu wa kushoto unaukanyaga wapi?" au "Jiwe hilo linacheza au limetulia?" Swali hurudisha macho yake kazini.

Usimwinue mtoto kumweka mahali ambapo hakuweza kufika mwenyewe. Kanuni hii peke yake inakukinga na ajali nyingi, kwa sababu mwili unaojua kupanda hadi mahali fulani huwa umejifunza karibu kila kinachohitajika ili kushuka, na mtoto aliyebebwa juu hakujifunza lolote. Akililia kubebwa, mwambie kwamba mwaka huu ukuta wake ni ule mfupi. Akikwama njiani, usikimbilie kumshusha. Hesabu polepole hadi 15, kisha umwelekeze mguu mmoja baada ya mwingine. Simu ibaki mfukoni. Baba aliyekaa karibu huku akitazama simu anampa mtoto imani ya kulindwa bila kumlinda, na hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu mtoto aliye peke yake angalau anajua kwamba yuko peke yake.

Kwa miti, mfundishe kwamba mparachichi unadanganya: tawi lake huonekana nene lakini huvunjika ghafla bila kulia kwanza. Akanyage pale tawi linapoungana na shina, asiamini tawi jembamba kuliko paja lake, na viungo vitatu viwe vimeshika mti wakati wote, ama mikono miwili na mguu mmoja, ama miguu miwili na mkono mmoja. Avue kandambili na asiwe na kamba wala kitambaa shingoni. Ashuke akiwa ameuelekea mti, tumbo kwenye shina. Chini ya mti ondoa mawe yaliyochongoka; kwetu hilo si rahisi, lakini gunia mbili za majani makavu husaidia.

Umri ni kipimo kibovu. Nina mtoto wa miaka sita ambaye hupima kila hatua kama fundi mwashi, na mwingine wa miaka kumi ambaye huruka kwanza na kufikiri angali hewani. Wa kwanza namsogelea kumtia moyo, wa pili namsogelea kumpunguzia mwendo, na ukuta ni uleule.

Ziwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ziwa ndipo jiwe na mazuku vinapokutana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na bara letu ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko yote. Ziwa Kivu lina kina kinachozidi mita 400, na ufuko wake wa lava katika sehemu nyingi haushuki taratibu bali hukatika: hatua moja maji yako gotini, hatua inayofuata hakuna chini. Baba anayesema "mwanangu anacheza pembeni tu" anapaswa kwanza kujua pembeni ni wapi.

Kwa hiyo ingia wewe kwanza, ukiwa na fimbo, upime chini palivyo hadi maji yafike kifuani pako. Chagua mahali panaposhuka polepole, asubuhi kabla upepo haujaanza kusukuma mawimbi. Mtoto anapoingia, simama upande wa kina, ili uwe kati yake na ziwa. Akina baba wengi husimama ufukoni na kumtazama mtoto mgongoni, ambapo ni upande usio na faida. Maji yasipite kitovu chake, na mkono wako uweze kumfikia bila kuruka.

Mfundishe kwa mpangilio huu: kupuliza hewa majini kwa pua na mdomo, kulala chali na kuelea huku masikio yamezama, kugeuka na kurudi ufukoni, na mwisho kabisa kupiga maji kwenda mbele. Wengi huanza na la mwisho. Mtoto anayejua kwenda mbele lakini hajui kuelea ni mtoto anayejua kuliendea tatizo. Kumtupa kutoka kwenye mtumbwi "ili ajifunze" hakumfundishi kuogelea. Humfundisha kwamba baba yake ndiye aliyemtupa. Ikiwa wewe mwenyewe huogelei, jambo ambalo ni la kawaida na si aibu, ishia kitovuni na umtafutie mtu anayejua, nawe ukae naye siku hiyo yote.

Mtu anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyodhani. Mdomo wake uko majini, hana pumzi ya kuita. Kichwa huegemea nyuma, mikono husukuma maji chini, na yote huisha kwa muda mfupi sana. Mtoto aliyenyamaza ghafla majini anapaswa kukuinua haraka kuliko yule anayepiga makelele.

Bidon la njano la lita 20, likiwa tupu na kifuniko chake kimefungwa sawasawa, ni chombo kizuri cha uokoaji ambacho kila nyumba inacho. Lifunge kamba ya mita kumi, ulirushe kwa anayezama, umvute. Usimfuate kwa mikono mitupu, maana hofu yake itakuzamisha nawe. Lakini bidon lilelile halifai kuwa boya la mtoto la kujifunzia, kwa sababu humpeleka mahali pasipo na chini kisha humteleza mikononi. Mtoto akitolewa majini bila kupumua, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, anza kwa kumpulizia pumzi mdomoni huku umebana pua, kisha endelea kukandamiza kifua na kupuliza kwa zamu hadi msaada ufike.

Nyongeza moja kuhusu safari. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, lililotoka Minova, lilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa wanalitazama kutoka ufukoni. Boti lililojaa kupita kiasi ni mazuku, hata kama ziwa linaonekana kama kioo. Mtoto hawezi kulipima, wala kuogelea kwake hakutamsaidia sana akiwa amebanwa kati ya magunia. Hapo hakuna mafunzo ya kutoa: mvalishe jile (koti la kuokolea majini) inayomkaa, au msipande.

Chukudu, kisu na moto

Mji uliomjengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu hauwezi kumkataza mtoto kuwa na chukudu yake ndogo, na sioni sababu ya kufanya hivyo. Mtengenezee pamoja naye. Akijua msumari gani unashika nini, atajua pia upi umelegea. Kabla ya mteremko akague gurudumu la mbele na kipande cha mpira cha kukanyagia breki. Kisha tazamani pamoja mteremko unaishia wapi: unaoishia kwenye tambarare au mpando ni jiwe, unaoishia barabarani ni mazuku, hata uwe mfupi kiasi gani.

Kisu kitumike mtoto akiwa ameketi, akimenya viazi, makali yakienda mbali na mwili, na mtu yeyote asiwe ndani ya duara la mkono wake ulionyooshwa. Kisu butu ni hatari kuliko chenye makali, kwa sababu hulazimisha nguvu. Kuhusu moto, mruhusu awashe makala akiwa nawe, nywele zimefungwa, nguo isiyo ya nailoni, na asizoee kamwe kuona mafuta yakimwagwa juu ya makala yenye moto. Ukifanya hivyo wewe mara moja tu, umefuta masomo yote.

Barabara na kupotea

Pikipiki inaonekana na inasikika, hivyo tungeweza kudhani kwamba ni jiwe. Kwa mtoto mdogo sivyo. Macho yake huiona pikipiki, lakini akili yake haijaweza kukadiria itafika lini, na ujuzi huo huja polepole kadiri anavyokaribia miaka kumi au zaidi. Ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mshike mkono basi, lakini mara kwa mara mgeuziane kazi: mwambie leo yeye ndiye anayekuvusha, atazame, aamue, aseme "sasa", nawe umfuate tu ikiwa ameamua vyema. Utashangaa mara ngapi atasema "sasa" wakati motari (mwendesha pikipiki) anakuja mbio, na ni heri ukajua hilo ukiwa umemshika mkono.

Kuhusu kupotea, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na tena siku chache baadaye tulipoambiwa tuhame, watoto wengi walitengana na wazazi wao katika njia za Sake na za mpakani. Mtoto aliyezoea kutumwa dukani peke yake, kwanza nyumba ya tatu, kisha kona ya avenyu, kisha mtaa wa pili, hukumbuka alama za njia. Ahifadhi kichwani majina kamili ya baba na mama, kartie (mtaa), avenyu na namba moja ya simu, na aimbe namba hiyo hadi awachoshe nyote. Chagueni mahali pa kukutania ndani ya mji na pengine nje ya mji.

Binti, na mama wa watoto

Jichunguze kama unampimia binti kwa kipimo kilekile. Kwangu haikuwa hivyo. Kaka yake alipopanda ukuta nilimsifu, yeye alipopanda nilimwambia ashuke avae vizuri. Msichana naye atalazimika siku moja kukimbia, kuogelea na kujinasua, na mikono isiyowahi kushika tawi haiwezi kuanza siku hiyo. Mvalishe kaptula chini ya sketi, umwache apande.

Na kabla ya kutoa ruhusa mpya, zungumza na mama yao faraghani. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayesema "mwache azoee" kisha anatoka, na mama ndiye anayebaki kukimbia hospitalini. Haki iko upande wake anapokasirika. Kanuni ninayopendekeza ni kwamba anayeruhusu ndiye anayesimama karibu, na asipokuwepo ruhusa hailali nyumbani bila yeye. Bibi naye aelezwe, polepole, kwa heshima, na bila kutumia majina ya watafiti wa Norwe.

Akiumia

Ataumia. Jeraha lenye udongo lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kisha utafute kadi ya chanjo uone habari za pepopunda. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila mafuta, dawa ya meno wala asali, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Mkono au mguu uliopinda usinyoshwe; ufungwe ulivyo pamoja na ubao, apelekwe hospitalini na si kwa mtu wa kuvuta mifupa. Aliyegonga kichwa atazamwe mchana na usiku: akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akitokwa na damu au maji masikioni, au akipata degedege, usisubiri asubuhi.

Kilio kikiisha, usiseme "nilikwambia". Siku mbili au tatu baadaye, kidonda kikikauka, nendeni pamoja hadi pale alipoanguka, umwombe akuonyeshe mguu ulikuwa wapi na jiwe lipi lilisogea. Binti yangu alilishika jiwe lenyewe, akalitikisa, akaniambia linacheza. Tuliliondoa ukutani, akapanda upande wa pili.